Waliofundwa Kazini

Mwaka 1942 shule ya Allidina Visram, Mombasa, iliacha kwa muda kuwa shule. Ndege za Japani zilikuwa zimeishambulia Colombo tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, na meli za kivita za Waingereza zilizokuwa zikilinda Bahari ya Hindi zikarudi nyuma hadi bandari ya Kilindini. Nyuma yao wakaja watu ambao hawakushika bunduki: wanamaji, makarani na mabinti wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, ambao kazi yao ilikuwa kunasa ujumbe wa redio wa adui na kufumbua yaliyofumbwa ndani yake. Madarasa yakawa ofisi zao. Kabla mwaka haujaisha, kosa la mtuma ujumbe mmoja wa Kijapani liliwapa ncha ya uzi waliyokuwa wakiitafuta. Mfumo wa meli za mizigo za Japani, uliopewa jina la JN-40, ukafunguka, na ilipofika Novemba walikuwa wakiusoma ujumbe kadiri ulivyoingia. Vita vya baharini kati ya Mombasa na Singapore viliguswa na watu waliokaa kwenye meza za wanafunzi wakihesabu tarakimu.

Kazi iliyofanyika Kilindini ndiyo mzazi wa hii tunayoiita leo usalama wa mtandao. Kulinda siri za serikali na kuzifumbua za adui ni pande mbili za ufundi mmoja, na baadhi ya kompyuta za kwanza za kielektroniki zilizaliwa ndani ya ufundi huo. Kijana anayetaka leo kuajiriwa na serikali kulinda mifumo yake, iwe Washington au London, husikia mapema kwamba bila shahada ya uzamili atabaki nje ya uzio, na huambiwa hivyo kana kwamba ndiyo desturi ya kazi yenyewe tangu jadi. Kumbukumbu za ufundi huu, hasa za Marekani ambako nyingi zimeshafunguliwa kwa umma, zinasema vingine. Ufundi huu ulijengwa na fundi aliyekaa na mwanagenzi wake meza moja, akamtazama anavyofikiri, akampa kazi ngumu kidogo kuliko ya jana. Shahada za juu ziliingia baadaye, tena kwa sababu inayoeleweka: ofisi isiyo na fundi haiwezi kumtambua mwanagenzi, hivyo huazima macho ya chuo kikuu.

Tuanze na mwanamke aliyekwenda kutafuta kazi maktaba. Elizebeth Smith, mzaliwa wa Indiana mwaka 1892, alihitimu shahada ya kwanza ya fasihi ya Kiingereza katika chuo kidogo cha Hillsdale mwaka 1915. Mwaka uliofuata alifika maktaba ya Newberry, Chicago, na kupitia kwa mkutubi wa hapo akachukuliwa na tajiri George Fabyan, aliyekuwa na shamba kubwa na maabara zake mwenyewe mahali palipoitwa Riverbank, Illinois. Fabyan aliamini kwamba ndani ya tamthilia za Shakespeare mmefichwa ujumbe wa siri wa Francis Bacon, akataka watu wa kuutafuta. Ujumbe haukuwemo. Lakini katika kuutafuta, Elizebeth na kijana mwingine aliyeajiriwa pale kwa ajili ya elimu ya urithi wa mimea, William Friedman, walijifunza kusoma maandishi yaliyofumbwa kuliko karibu mtu yeyote nchini mwao. Walioana Mei 1917. Marekani ilikuwa imekwisha ingia vitani mwezi mmoja kabla, jeshi lake likiwa halina ofisi ya maana ya kazi hiyo, na serikali ikawa inapeleka ujumbe wa adui ufumbuliwe shambani kwa mtu binafsi. Maofisa wa jeshi walitumwa hukohuko kufundishwa na wawili hao, na vijitabu alivyoandika William akiwa Riverbank vikawa msingi wa masomo ya ufundi huo Marekani kwa miaka mingi. Walimu wa kwanza wa serikali katika fani hii, basi, hawakuwa na shahada ya fani hii, maana hapakuwa na chuo kilichoitoa.

Elizebeth ndiye anayenivuta zaidi, kwa kuwa kazi yake inaonyesha jinsi ujuzi unavyohamishwa. Katika miaka ya marufuku ya pombe alifumbua ujumbe wa redio wa walanguzi waliokuwa wakiingiza pombe kwa meli, akiufanyia kazi ulinzi wa pwani wa Marekani. Mwaka 1931 alipewa ruhusa ya kuunda kikundi chake, akaajiri vijana wa ngazi za chini na kuwafunza mwenyewe tangu herufi ya kwanza. Mwaka 1933 alisimama mahakamani New Orleans kuwaeleza wazee wa baraza, watu wasiojua lolote juu ya mafumbo, jinsi herufi zisizo na maana zilivyoficha safari za meli. Mtu anayeweza kumweleza hivyo asiyejua, anaweza pia kumtambua anayeanza kujua. Kikundi hicho hicho kilipofika Vita vya Pili kilikuwa kikisoma mawasiliano ya majasusi wa Ujerumani huko Amerika ya Kusini.

Mumewe alifanya vivyo hivyo jeshini. Mwaka 1930 jeshi la nchi kavu lilianzisha ofisi ndogo ya mafumbo chini yake, na Friedman akatafuta vijana kupitia orodha ya waliofaulu mtihani wa hesabu wa utumishi wa umma. Wa kwanza kuripoti, tarehe 1 Aprili, alikuwa Frank Rowlett, mwalimu wa hesabu wa sekondari kutoka Virginia mwenye shahada ya kwanza tu. Jina la cheo alichopewa hakulielewa. Wakafuata Abraham Sinkov na Solomon Kullback, walimu wa hesabu wa New York. Friedman aliwapa vitabu, akawapa mafumbo ya zamani wayafungue, kisha siku moja akawaongoza hadi kwenye chumba cha chuma kilichohifadhi mafaili ya ofisi ya siri iliyokuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Sinkov na Kullback walipata uzamivu baadaye, mmoja mwaka 1933 na mwingine mwaka 1934, katika chuo kikuu cha George Washington, wakiwa tayari kazini. Mpangilio huo una maana kubwa: kazi ilitangulia, shahada ikafuata, na ofisi ndiyo iliyowapa nafasi ya kuitafuta. Rowlett hakuitafuta. Yeye ndiye aliyeongoza kundi lililoushinda mfumo wa Japani ulioitwa Purple, na akishirikiana na Friedman alibuni mashine ya SIGABA iliyofumba ujumbe wa Marekani vita vyote bila adui kuifungua. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilimzawadia dola 100,000 kwa ubunifu ambao hakuruhusiwa kuuza wala kuutaja.

Vita vilipopanuka, mlango ulipanuka nao. Jeshi la majini la Marekani lilitangulia kuchukua wasichana wa vyuo vya kifahari vya kaskazini-mashariki, likiwafundisha kozi ya siri kabla hawajahitimu. Jeshi la nchi kavu, likiwa limechelewa, liligeukia kusini: walimu wa shule, mabinti wa vyuo vya ualimu, watu wa miji midogo ambao hakuna aliyewadhania kuwa hazina. Kituo chake, Arlington Hall, chenyewe kilikuwa chuo cha wasichana kilichotwaliwa mwaka 1942. Hapo ndipo alipofika Gene Grabeel, mwalimu wa sayansi kimu kutoka wilaya ya Lee, Virginia, mwishoni mwa Desemba 1942. Tarehe 1 Februari 1943, akiwa na wiki chache tu kazini, alikabidhiwa rundo la ujumbe wa Kisovieti uliokuwa umelimbikizwa na akaambiwa aanze kuupanga. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Venona, iliyofichua majasusi waliokuwa ndani ya mradi wa bomu la atomiki. Grabeel aliifanya hadi 1978. Mwaka 1944 kijana wa miaka 19, Cecil Phillips, aliyeacha chuo kikuu cha North Carolina bila kumaliza, aliona jambo katika tarakimu za mwanzo wa ujumbe ambalo wakubwa wake hawakuliona, na mfumo wa ujasusi wa Kisovieti ukaanza kupasuka. Haki itendeke: aliyesoma maneno yenyewe kwa mara ya kwanza, mwaka 1946, alikuwa Meredith Gardner, mwalimu wa chuo kikuu na bingwa wa lugha. Bila elimu yake kubwa, tarakimu zingebaki tarakimu. Lakini meza ile iliwatosha wote watatu, na hakuna aliyemwuliza kwanza mwenzake cheti chake.

Hapa huinuka pingamizi la kwanza, nalo ni zito: hiyo ilikuwa vita, na vitani kila mlango hufunguka. Ingekuwa hivyo tu, ningetegemea kuona wasio na shahada wakirudishwa makwao mwaka 1945. Juanita Moody, aliyezaliwa North Carolina mwaka 1924, aliacha chuo cha ualimu mwaka 1943 ili kujiunga na Arlington Hall, na hakurudi kumalizia. Alibaki. Shirika la Usalama wa Taifa, NSA, lilipoundwa Novemba 1952, alikuwemo, na Oktoba 1962, dunia ilipokaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Kisovieti Cuba, ndiye aliyekuwa akiongoza kazi ya shirika hilo kuhusu Cuba. Mwaka 1975 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa medali mpya ya taifa ya mafanikio ya ujasusi. Friedman naye aliwachukua wale walimu watatu wakati wa amani, tena wakati wa mdororo wa uchumi ambapo waliosoma sana walijaa mitaani wakitafuta kibarua; hakukosa wa kuchagua. Wanaodai kwamba ilikuwa dharura wanapaswa kueleza kwa nini dharura hiyo ilidumu miaka arobaini.

Pingamizi la pili linakuja na heshima yake: hawa wengi walikuwa na shahada ya kwanza, na wakati huo mwanamke mwenye shahada ya kwanza alikuwa nadra. Ni kweli, na nisingependa mtu anielewe kwamba nabeza shule. Ninachosema ni kwamba shahada hizo zilikuwa za fasihi, sayansi kimu, muziki, Kifaransa. Zilithibitisha kwamba mtu anaweza kukaa na jambo gumu hadi likaisha; hazikuthibitisha ujuzi wa kazi, kwa sababu ujuzi wa kazi ulipatikana mahali pamoja tu, nao ni kazini. Na palipokuwa na ubaguzi, vyeti havikumwokoa mtu. William Coffee, Mmarekani mweusi aliyesoma Kiingereza chuoni Knoxville, aliingia Arlington Hall mwaka 1942 kama mfagizi, akawa tarishi, na ni mwaka 1944 tu alipopewa kuongoza kitengo cha Wamarekani weusi, kilichotengwa na wengine, kilichofumbua ujumbe wa makampuni ya biashara. Macho ya fundi nayo yanaweza kupofuka, na hapa yalipofushwa na rangi ya ngozi. Hili ndilo doa kubwa la mfumo ninaousifu, na anayetaka kutetea mtihani wa maandishi usiomwona mtu sura ana hoja yenye nguvu katika kisa hiki.

Uingereza inatoa picha ileile kwa rangi nyingine. Mkuu wa ofisi ya mafumbo, Alastair Denniston, aliandaa kabla ya vita orodha ya wanaume wa aina ya maprofesa, na Alan Turing, mwenye uzamivu wa Princeton, alikuwa miongoni mwao. Hakuna atakayemwondoa Turing kwenye historia hii. Lakini Bletchley Park, makao ya ofisi hiyo wakati wa vita, ilipofikia kilele ilikuwa na watu karibu 9,000, na robo tatu walikuwa wanawake. Mavis Lever alikatiza masomo yake ya Kijerumani London, na akiwa na miaka 19 alifumbua ujumbe wa jeshi la majini la Italia uliosaidia ushindi wa Waingereza karibu na rasi ya Matapan, Machi 1941. Joan Clarke alikuwa amefaulu hesabu Cambridge kwa daraja la juu kabisa, ila Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili hadi 1948. Ili alipwe zaidi kidogo ilibidi aandikwe kuwa mtaalamu wa lugha, naye hakujua lugha ya kigeni hata moja. Mwanahesabu aliyelipwa kama mkalimani ndiyo tafsiri kamili ya kile kinachotokea karatasi inapotangulia kazi.

Halafu kuna Tommy Flowers, ambaye kwangu ndiye ushahidi mkuu. Mtoto wa mwashi kutoka Poplar, mashariki ya London, alianza kama mwanagenzi wa ufundi wa mitambo katika karakana ya silaha ya Woolwich, akasoma uhandisi wa umeme madarasa ya jioni, na mwaka 1926 akaajiriwa na idara ya posta na simu. Miaka mingi ya kushughulika na mitambo ya kuunganisha simu ilimfundisha jambo ambalo wasomi wa Bletchley hawakuliamini: kwamba taa za redio zinaweza kufanya kazi kwa maelfu bila kuungua, mradi zisizimwe na kuwashwa kila mara. Kwa msingi huo alipendekeza mashine ya kuushambulia mfumo wa Kijerumani wa Lorenz. Wengi walitilia shaka. Alirudi karakana ya posta huko Dollis Hill, akaijenga na wenzake, na mwanzoni mwa 1944 Colossus, yenye taa zipatazo 1,600, ikafika Bletchley na kufanya kazi. Vita vilipoisha zilikuwa mashine 10. Elimu ya hesabu iliyoeleza Lorenz inavyozunguka ilitoka kwa Bill Tutte na wenzake wa chuo kikuu, nao wanastahili sifa yote. Ila maarifa ya kwamba taa haziungui ovyo hayakuwa katika kitabu chochote cha Cambridge. Yalikuwa mikononi mwa fundi wa simu.

Sasa, mabadiliko yalitoka wapi? Yalitoka kwa kompyuta, na hasa kwa kuenea kwake. Mwaka 1967 Willis Ware, mhandisi mwenye uzamivu, alisimama mbele ya wanazuoni wa kompyuta akaonya kwamba mashine inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja haiwezi kutunza siri zao kwa namna zilizozoeleka. Ripoti aliyoiongoza kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoka mwaka 1970. Kwa hiyo fikra za awali za usalama wa kompyuta zilitoka kwa watu waliosoma sana, na sina haja ya kulikwepa hilo. Lakini hadi hapo ulinzi wa siri ulikuwa kazi ya ofisi chache zilizojaa mafundi. NSA ilikuwa imefungua shule yake ya ndani mwaka 1965 na iliendelea kufunza watu wake. Kuanzia miaka ya 1980 kompyuta ziliingia wizara za kilimo, mahakama, idara za kodi, hospitali za wanajeshi wastaafu. Sheria ya mwaka 1987 ilizitaka ofisi zote za serikali kuu zilinde mifumo yake na kuwafundisha wanaoitumia. Ofisi hizo hazikuwahi kuwa na Friedman wala Elizebeth. Msaili aliyeketi mbele ya mwombaji kazi hakuwa na namna ya kumpima kwa kumpa fumbo, maana yeye mwenyewe asingejua jibu. Akauliza kinachoulizika: umesoma wapi, hadi ngazi gani? Mwaka 1999 NSA ilianza kuvitambua rasmi vyuo vikuu vilivyofundisha fani hii, na miaka ya mwanzo ya 2000 serikali ikaanza kuwalipia wanafunzi karo za shahada ya kwanza na ya uzamili kwa sharti la kuitumikia. Wizara ya Ulinzi nayo, mwaka 2005, iliamuru watumishi wake wa fani hii wawe na vyeti vya mitihani ya taasisi za nje. Hayo nayo ni macho ya kuazima, ingawa ya bei nafuu kuliko ya chuo kikuu.

La kushangaza ni kwamba sheria ya Marekani haikuwahi kudai hayo. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwapa kipaumbele askari waliotoka vitani ilipiga marufuku kuweka kiwango cha chini cha elimu kwa kazi za ushindani za serikali kuu, isipokuwa kazi za kisayansi, kiufundi au kitaalamu ambazo haiwezekani kabisa kuzifanya bila elimu hiyo. Askari aliyeacha shule kwenda vitani asizuiwe na karatasi: ndiyo ilikuwa nia. Na hadi leo kundi kubwa la kazi za teknolojia ya habari serikalini, lenye namba 2210, linamruhusu mtu kuingia kwa uzoefu badala ya shahada. Anaposhindwa, mara nyingi hushindwa kwa sababu mchujo wa kwanza hufanywa na asiyejua kuupima uzoefu huo. Jirani yake, kundi la wanasayansi wa kompyuta lenye namba 1550, linadai masomo ya chuo waziwazi. Kazi mbili zinazokaa chumba kimoja, mlango mmoja una komeo na mwingine hauna, na kijana wa nje hana wa kumweleza tofauti.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la tatu, ambalo wataalamu hulitegemea zaidi: dunia imebadilika, ulinzi wa leo ni hesabu nzito. Kubuni mfumo mpya wa kufumba kwa kweli ni hesabu nzito, ingawa hata hapo historia ina neno. James Ellis wa shirika la Kiingereza la GCHQ alionyesha mwaka 1970 kwamba inawezekana kupelekeana siri bila kwanza kukubaliana ufunguo. Aliyepata njia ya kuifanya, mwaka 1973, alikuwa Clifford Cocks, kijana aliyekuwa ameacha masomo ya uzamivu Oxford na kuingia kazini miezi michache tu kabla. Njia hiyo ndiyo ileile ambayo baadaye ilibuniwa upya Marekani na kuitwa RSA, na mchango wake haukutangazwa hadi 1997. Lakini tuache ubunifu. Sehemu kubwa ya usalama wa mtandao si ubunifu bali ni kukesha. Mnyoo wa kompyuta uliosambaa kwenye intaneti Novemba 1988 ulipenya kwa kubahatisha nywila dhaifu na kupitia nyufa za programu za kawaida, na aliyeuachia alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu Cornell. Miaka miwili kabla, wizi wa siri za kijeshi kwa niaba ya Wasovieti ulianza kugunduliwa katika maabara ya Berkeley kwa sababu mtu alihangaika na tofauti ya senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Mtu huyo, Clifford Stoll, alikuwa na uzamivu, ila wa elimu ya nyota. Na mwaka 2015 ofisi kuu ya utumishi ya serikali ya Marekani, ileile inayopanga vigezo vya elimu vya ajira, ilikiri kwamba taarifa za watu milioni 21.5 zimeibiwa, zikiwemo za upekuzi wa watumishi wa siri na alama za vidole za watu milioni 5.6. Wadukuzi walitumia nywila ya mkandarasi, mahali ambapo uthibitisho wa hatua ya pili haukuwekwa. Kosa la mtuma ujumbe lililoifungua JN-40 na kosa hili ni ndugu wa tumbo moja, na wa kuliona ni mtu aliyefundwa kutazama.

Wapo pia wanaosema shahada hupima uaminifu, na humtaja Edward Snowden, aliyeacha sekondari bila kuhitimu na mwaka 2013 akatoa hadharani siri za NSA. Lakini Ana Montes alikuwa na uzamili wa Johns Hopkins, akaifanyia Cuba ujasusi ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani miaka mingi hadi alipokamatwa Septemba 2001. Robert Hanssen wa FBI, aliyeiuzia Moscow siri za nchi yake, alikuwa na uzamili wa biashara. Uaminifu una chombo chake cha kuupimia, nacho ni upekuzi wa mwenendo, na upekuzi huo huwapitia wenye shahada na wasio nazo kwa ukali mmoja. Kuuchanganya na cheti ni kuvidhoofisha vyote viwili.

Serikali yenyewe imeanza kurudi ilikotoka, kwa hatua za kusitasita. Tarehe 19 Mei 1998 wadukuzi saba wa kundi la L0pht walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti kwa majina ya kubandika, wakisema wanaweza kuizima intaneti ndani ya nusu saa. Mmoja wao, Peiter Zatko, alikuwa amesoma muziki katika chuo cha Berklee, na mwaka 2010 alichukuliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi. Novemba 2021 Wizara ya Usalama wa Ndani ilizindua mfumo wake wa ajira za usalama wa mtandao usiodai shahada, unaompima mwombaji kwa kazi. Aprili 2024 Ikulu ya Marekani ilitangaza mpango wa kuhamishia kundi zima la 2210 kwenye ajira inayopima ujuzi. Mipango hiyo imegusa mtihani wa kuingilia. Haijagusa sana kile alichokuwa nacho Friedman baada ya mtihani, yaani meza, mafumbo ya kufanyia mazoezi, na muda wa kuwasubiri watu wake waive.

Genevieve Grotjan alikuwa karani wa takwimu katika bodi ya pensheni za wafanyakazi wa reli. Alitamani kufundisha hesabu chuo kikuu, hakupata nafasi. Alifanya mtihani wa kawaida wa hesabu ili aongezwe mshahara, matokeo yake yakaonwa na ofisi ya Friedman, na mwaka 1939 akaajiriwa. Kundi lilikuwa likihangaika na Purple bila kuona mwanya. Mchana wa tarehe 20 Septemba 1940 aliinuka na karatasi zake akaenda kwenye chumba alimokuwa Frank Rowlett na wenzake. Akaweka kidole kwenye duara moja alilolichora kwa penseli, kisha jingine, kisha la tatu, bila maneno mengi. Rowlett, aliyekuwa amekaa na ufundi ule miaka 10 tangu siku alipofika bila kujua maana ya cheo chake, hakuhitaji kuelezwa alichokuwa akionyeshwa.